Uliza Kwanza Moto Hupita Wapi

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikisikia mtu akisema, "Nimepata kiwanja kizuri." Mwili hunisisimka, mwanangu, na ulimi huniwasha. Kizuri kwa nini? Kizuri wakati gani wa mwaka? Ukiwauliza hivyo vijana wa siku hizi, wanakutazama kama mtu aliyekunywa dawa ya ng'ombe.

Mwezi uliopita mjukuu wangu Neema, anayefanya kazi ya ofisi kule Hola, alinitumia picha kwa simu. Wamepata ploti nje kidogo ya Garsen, yeye na mumewe Komora. Pichani niliona nyasi zimekauka rangi ya dhahabu mpaka macho yanapoishia, mikoma miwili mitatu, ile mitende ya nyikani, imesimama, na Komora ameshika kigingi, meno nje. Kabla sijavaa miwani vizuri, Neema akapiga.

"Nyanya, umeona palivyo pazuri? Pameinuka. Mafuriko hayafiki hata kidogo."

"Nimepaona," nikasema. "Na moto huja kutoka upande gani?"

Akacheka. "Moto gani tena? Wewe nawe, Nyanya! Tunajenga nyumba ya mawe."

"Na paa?"

"Makuti. Yana ubaridi, na ndiyo mtindo sasa."

"Basi mtaishi ukutani," nikamwambia, nikakata simu.

Nilikosea kukata simu. Mtu mzima hakati simu. Lakini nimechoka, mwanangu. Maneno haya nimeyasema harusini, nimeyasema matangani, nimeyasema nje ya kanisa watu wakisalimiana baada ya ibada. Wote huitikia, "Ni kweli, Mama Jilo," kisha wanakwenda kupiga vigingi katikati ya nyasi kavu. Na methali wanazijua! Shuleni wameziandika kwenye mtihani wakapata alama. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wanakwambia mpaka maana yake ya ndani. Wakitoka nje, guu ni lao na kuvunjika ni kwao.

Kwa hiyo leo sitaanza na methali. Nitaanza na aibu yangu mwenyewe, maana aliyekaidi kuliko Neema wote duniani nilikuwa mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nimeolewa na Maro, mwana wa Mzee Hiribae, katika kijiji kimoja cha huku chini ya Garsen, ukingoni mwa mto. Tulikuwa na mtoto mmoja tu, Jilo, bado ananyonya. Tuliishi uani kwa wakwe zangu, na mwaka ule mto ulikuwa umefurika ukaingia mpaka vitandani. Kuku walilala juu ya kabati. Maji yalipotoka yaliacha tope linalofika kifundo cha mguu, na wifi yangu aliacha maneno. Kila nikipika alikuwa na neno. Wali umejaa maji kama mto wenyewe. Samaki amechomwa kama kuni. Nikasema moyoni, mimi hapa nahama, potelea mbali.

Mahali nilipopataka nilipaona siku nikitoka kukata miaa. Paliinuka kidogo, mbali na mto, pakitazama uwanda wa nyasi upande unakotoka upepo wa kaskazi. Upepo ulivuma pale bila kuzuiwa na kitu. Ukisimama ungeona ng'ombe wa wafugaji kwa mbali kama punje za mtama. Nikajiona nimekaa barazani mwangu, sina wifi wala tope. Usiku huo sikumpa Maro usingizi, na kesho yake, na siku iliyofuata. Maro alikuwa mtu wa amani. Ukimsumbua vya kutosha, alikubali ili apumzike.

Mzee Hiribae alipoambiwa hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Twende tupaone."

Tukaenda watatu. Nilitarajia ataitazama ile mandhari iliyoniteka mimi. Wapi! Hakuiangalia hata mara moja. Alikwenda moja kwa moja kwenye mkoma akaupapasa shina kama mtu anayemkagua ng'ombe wa kununua. Upande mmoja wa shina ulikuwa mweusi, na weusi ule ulimfika kifuani. Akaenda mkoma wa pili, weusi upande uleule. Akachimbua ardhi kwa kisigino, chini ya nyasi kukatoka vipande vya makaa vya zamani. Akavuta unyasi mmoja akausimamisha kando yangu; ulinizidi kimo. Halafu akauliza, "Njia ya kutoka hapa ni ipi?"

"Ni hii tuliyokuja nayo, Baba," Maro akajibu.

"Na nyingine?"

Hapakuwa na nyingine. Njia ilikuwa moja, nyembamba, inapita katikati ya nyasi mpaka mtoni.

Mzee akatuambia, taratibu, kwamba moto ulikuwa umepita pale si mara moja. Kaskazi ikivuma, ardhi ikikauka, mtu yeyote akiwasha kitu huko uwandani, upepo utauleta hapa. Mashina yanasema ulikotoka na yanasema ulifika kimo gani. Akasema kama hatutaki uani kwake, tujenge nyuma ya migomba, karibu na mto, mahali penye ubichi mwaka mzima.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu. Nikamwambia mkwe wangu, mtu aliyenizidi miaka arobaini, "Baba, nyuma ya migomba maji yatatukuta tena. Na nyasi ziko kila mahali. Tukiogopa nyasi, basi tukaishi mtoni na mamba."

Maro alitazama chini. Mzee Hiribae hakukasirika. Alisema, "Mwanangu, maji hutuma salamu kwanza. Yanapanda leo kidogo, kesho kidogo, unahama na kuku wako. Moto hautumi salamu." Kisha akaokota fimbo yake, akatuacha tumesimama.

Nikamwambia Maro kwamba baba yake amezeeka.

Tukajenga. Tulichimba udongo pale pale, hatua chache kutoka nyumbani, tukakanda kuta. Shimo lililobaki lilikuwa na kina cha kiuno, na kila siku tulisema tutalifukia. Juu tukaezeka makuti. Uzio tukauzungusha kwa matawi makavu ya miiba kuzuia fisi. Kuni nikazipanga vizuri, nadhifu kabisa, zikiegemea ukuta wa jiko. Nilijivunia zile kuni! Nyasi tulizikata mlangoni tu, ili mgeni asiraruke nguo. Upande wa nyuma tuliziacha zikagusa ukuta. Palizi ilikuwa ya shamba. Nani apalilie nyasi za Mungu?

Siku moja tukiwa bado tunaezeka, alipita mfugaji mmoja Muorma, Mzee Godana, akipeleka ng'ombe wake kunywa maji. Tulimjua kwa sura, maana alipita kila kiangazi. Akasimama, akaegemea fimbo.

"Mama, wewe najenga hapa?"

"Unaona mwenyewe, mzee."

"Hapa moto napita. Kila mwaka mbili, mwaka tatu, napita. Wewe nauliza nani?"

Nikamjibu kwamba nchi ni ya Mungu.

"Nchi ya Mungu, ndiyo," akasema. "Lakini moto ya watu." Akatikisa kichwa akafuata ng'ombe wake.

Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri anataka malisho. Nilifikiri anatutisha tuondoke ili nyasi zibaki kwa ng'ombe wake. Ndivyo tulivyolelewa, mwanangu, mkulima akimwona mfugaji anaanza kuhesabu anachotaka kumpora. Nimeshapewa onyo na mkwe, nimepewa na mgeni, na wote wawili nimewapa majibu. Nikikumbuka sasa natamani nirudi nimshike yule msichana masikio.

Mama yangu mzazi alikuja kukaa nasi baada ya mavuno. Kwao, yaani kwetu, ni Kilelengwani. Alikuwa haoni. Maradhi ya macho yalimpofusha nikiwa bado mdogo, lakini mikono yake iliona kuliko macho ya wengi. Alisuka mikeka iliyotafutwa mpaka Kipini, akichagua miaa kwa ncha za vidole, na mshono wake haukupinda. Alikuja kunisaidia kumlea Jilo, maana nilikuwa namwachisha ziwa.

Siku ya kwanza tu alikaa mlangoni akasema, "Nyumba hii ina nyasi nyingi. Zinapiga kelele."

"Ni upepo tu, Mama."

"Nasikia upepo, na nasikia nyasi kavu. Vitu viwili hivyo havikai pamoja vizuri. Zikate."

"Kesho, Mama."

Aliniambia tena zilipomkwaruza mkono alipokuwa akipapasa ukuta kwenda chooni. Nikasema kesho. Na siku alipokaribia kuanguka kwenye lile shimo la udongo, akanikemea, "Mtalifukia lini kaburi hili?" Nikasema kesho pia. Nilikuwa na kesho nyingi wakati ule.

Siku yenyewe ilikuwa mwezi wa kwanza, kaskazi imeshika kasi, jua la saa saba. Maro alikuwa ng'ambo ya mto shambani. Nilimwogesha Jilo, nikamwacha na bibi yake kivulini, nikabeba nguo na mtungi nikashuka mtoni. Pale tulikuwa wanawake watano tukifua na kucheka. Mmoja akainua kichwa akasema, "Hilo wingu la wapi?"

Halikuwa wingu. Moshi ulikuwa umesimama nyuma ya kilima changu, mweusi chini, mweupe juu, umeinama kuelekea kwetu.

Nilikimbia. Nguo niliziacha zikachukuliwa na maji. Nilifika mahali njia inapoingia kwenye nyasi, nikakutana na joto kabla sijaona mwali. Moto ulikuwa umeshaizunguka nyumba na unateremka na ile njia, njia yangu moja, ukija kwa mwendo wa mtu anayekimbia. Sauti yake sitaki kuieleza. Nilijitupa kuelekea moto nikipiga yowe, na wale wanawake wanne wakanikamata, wawili mikono, wawili miguu, wakaniburuta mpaka kwenye maji. Nilimng'ata mmoja wao. Alikuwa na kovu mpaka alipokufa, Mungu amrehemu, na hakunilaumu.

Tukasimama majini mpaka kifuani, tukiwasahau mamba. Moto ulikuja ukafika kwenye migomba, ukachoma majani makavu ya kando, ukakohoa, ukafa. Pale pale nyuma ya migomba. Pale aliposema Mzee Hiribae.

Nikapanda kwenda nyumbani ardhi bado inafuka. Nyayo ziliniungua, sikusikia. Paa lilikuwa limeanguka ndani. Kuni zangu nadhifu zilikuwa zinawaka kama tanuri, zimepasua ukuta wa jiko. Mbuzi wawili walikuwa wamekufa kwenye uzio wa miiba, ule tulioujenga ili tuwe salama. Nikaingia kwenye majivu nikaanza kupekua kwa mikono nikiwatafuta mama yangu na mwanangu. Napekua huku namwita mmoja, kisha mwingine. Nilipoteza akili, sikujua hata napekua nini.

Ndipo nikasikia mtoto akikohoa. Nyuma yangu, chini ya ardhi.

Walikuwa shimoni. Mama alikuwa amejikunja kifudifudi kama kobe, amejifunika leso mbili zilizolowa ambazo sasa zilikuwa zimekauka na kuungua, na Jilo yuko chini ya tumbo lake. Mtoto alikuwa mweusi kwa masizi, macho mekundu, mzima. Mama hakuwa mzima. Mgongo wote wa juu, sikio, na mkono wa kushoto aliouacha nje akishikilia leso, vilikuwa vimeungua vibaya.

Alinisimulia baadaye. Alinusa moshi kabla ya mtu yeyote. Akasimama, akageuza uso mpaka upepo ukampiga sawasawa puani, akajua unakotoka. Alijua njia ni moja, na kwamba kipofu mwenye mtoto mgongoni akiifuata, moto utamkuta katikati ya nyasi. Akakumbuka lile shimo, kwa sababu pale hapakuwa na unyasi hata mmoja, ni udongo mtupu. Akamwaga maji yaliyobaki kwenye beseni la kumwogeshea Jilo juu ya leso, akamfunga Jilo kifuani, akatambaa akipapasa mpaka akafika ukingoni. Uzembe wangu wa kutofukia shimo ndio uliomwokoa mtoto na uzembe wangu wa kutokata nyasi. Usiniulize hesabu ya Mungu ilikuwaje hapo. Mimi sijaielewa mpaka leo.

Tulimbeba Mama kwa kitanda cha kamba mpaka barabarani, akapelekwa kwenye zahanati, akakaa huko wiki nyingi. Kijijini nako kulikuwa na moto wa aina nyingine. Wanaume walishika marungu wakisema ni wafugaji wamewasha ili nyasi zichipue. Mzee Hiribae alisimama njiani akawazuia kwa fimbo yake moja. Jioni ile akaja mtu wetu wenyewe, binamu yake Maro, analia. Alikuwa amechoma mabua ya mahindi shambani kwake kule juu, mchana, kaskazi inavuma, kisha akaenda kula. Kumbe Mzee Godana na wanawe walikuwa upande wa pili tangu ule moto ulipotokea, wakiupiga kwa matawi mabichi usielekee kijiji kingine. Nyusi zake zilikuwa zimeungua. Watu waliokuwa wanataka kumpiga wakampa maji ya kunywa, hawamtazami usoni.

Mama aliporudi kutoka zahanati aliletwa uani kwa wakwe zangu, ule ua nilioukimbia. Wifi yangu, yule wa maneno, ndiye aliyemwosha vidonda asubuhi na jioni kwa mwezi mzima, mimi nikiteka maji. Siku moja nilikaa kando ya mkeka wa Mama nikalia, nikasema, "Nisamehe, Mama. Ni mipango ya Mungu."

Mama alikuwa amelala kifudifudi. Aligeuza kichwa upande niliokuwapo.

"Mwache Mungu apumzike," akasema. "Mungu hakuchagua kiwanja kile. Ulichagua wewe. Mimi kipofu nilijua upepo unatoka wapi na nyasi ziko wapi. Wewe mwenye macho mawili ulikuwa unatazama nini?"

Nilikuwa natazama uzuri wa mahali.

Aliishi miaka mingine tisa. Mkono wa kushoto haukunyooka tena, vidole vilishikana. Hakusuka mkeka mwingine. Alikuwa akikaa mlangoni na miaa mapajani, anaipapasa kwa mkono mmoja, anaipanga, anaipangua. Hakuwahi kulirudia lile neno. Hakuwa na haja. Kila nilipompita nililisikia.

Nyumba yetu ya pili tulijenga baada ya matembezi ya siku nzima. Mzee Hiribae alimwalika Mzee Godana, wakatangulia mbele, mkulima na mfugaji, mimi na Maro nyuma tumefunga midomo. Godana alionyesha kwa fimbo: huku tunachoma nyasi zikizeeka, huku warina asali hupita na moshi wao, huku ng'ombe wamekula mpaka chini, moto ukifika hapa hauna chakula. Aliujua moto wa uwanda ule kama mtu anavyojua tabia ya jirani yake. Na mimi nilikuwa nimemwambia nchi ni ya Mungu! Tukajenga nyuma ya migomba, kwenye tuta, kwa nguzo za kuinua sakafu. Maji yamenikuta mara tatu tangu hapo, na mara zote tatu nimehama na kuku wangu.

Sasa nirudi kwa Neema. Siku tatu baada ya kukata simu, nilipanda bodaboda, mimi na magoti yangu, nikaenda mwenyewe kwenye hiyo ploti. Nikawakuta wote wawili na fundi. Sikusalimia vizuri. Nilikwenda kwenye mkoma wa kwanza nikamwita Komora, "Baba, njoo uweke mkono hapa." Akaweka, akautoa mweusi.

"Hii si ni rangi yake tu, Nyanya?" akauliza.

"Zunguka upande wa pili."

Akazunguka. Upande wa pili shina lilikuwa jeupe. Akafuta mkono kwenye suruali. Fundi naye akajifanya anapima kamba. Nikawaonyesha vichaka vya mathenge, ile miti ya miiba, vilivyosongamana nyuma, vimejaa matawi makavu. Nikawauliza njia ya pili iko wapi. Neema akasema gari litageuzia pale pale. Nikawauliza wamezungumza na mfugaji gani, na mkulima gani wa jirani. Neema akasema aliyewauzia ploti aliwahakikishia hapana shida.

"Muuzaji samaki atakwambia samaki wake ameoza?" nikamuuliza.

"Lakini Nyanya, kila mtu anajenga huku juu sasa. Mafuriko yametuchosha. Ulitaka turudi mtoni?"

Hilo ni swali la haki, mwanangu, na nilimjibu kwa haki. Kuhama maji si kosa. Kosa ni kuruka majivu ukakanyaga moto, na macho yako umeyafungua. Nilimwambia ploti si mbaya yote. Upande ule wa barabara mifugo inapita kila siku, nyasi zimeliwa fupi, na kuna njia mbili za kutokea. Nyumba isogee huko.

"Huko hakuna mandhari," akasema, na midomo ikavimba. Nikaiona sura yangu mwenyewe ya miaka ishirini na mmoja, nikataka kumchapa na kumkumbatia kwa wakati mmoja.

Komora ndiye aliyeng'oa kigingi cha kwanza. Wiki iliyofuata aliniambia kwamba amekwenda kwa wafugaji wa pale akakaa nao, akaambiwa moto ulipita kwenye ile mikoma kiangazi cha juzi tu. Juzi tu! Sasa msingi umechimbwa upande wa barabara, mathenge yanakatwa, na wameacha makuti wanaezeka mabati. Neema bado amenuna. Hajanipigia simu wiki ya pili sasa. Sawa. Anune akiwa hai.

Basi sikiliza wewe ambaye hujajenga bado. Nayasema mara moja ya mwisho, ingawa najua nitayasema tena. Kabla ya kupiga kigingi, nenda kiwanjani wakati wa kiangazi, usiende wakati wa mvua kila kitu ni kijani ukadanganyika. Tazama mashina ya miti yameungua upande gani na kwa kimo gani. Chimbua uone kama chini kuna makaa. Simama mpaka ujue kaskazi inavuma ikitokea wapi, na huko inakotokea kuna nini, nyasi, vichaka, au shamba la mtu anayechoma mabua. Waulize wanaopita pale kila mwaka, hasa wale usiopenda kuwauliza, maana kuuliza si ujinga, ila kuna ujinga wa kuchagua wa kumuuliza. Hakikisha mahali hapo pana njia mbili za kutokea, na zote mbili mzee na mtoto wanaziweza. Ukijenga, palilia kuizunguka nyumba mpaka udongo uonekane, na upalilie tena kila kiangazi. Nyasi hazina kumbukumbu kwamba ulizikata mwaka jana. Kuni weka mbali na ukuta. Uzio wa matawi makavu usiuite ulinzi. Na kama mahali penyewe pamekataa, pakatae nawe. Kiwanja kingine kitapatikana. Mkono wa mama yako haupatikani.

Unaweza kunicheka, wengi wananicheka. Lakini nenda kwanza ukaguse mashina, kisha ucheke.

Mungu akuongoze kwenye ardhi inayokufaa, mwanangu. Akupe majirani watakaokwambia ukweli, na akupe masikio ya kuwasikia. Nyumba yako ikae mpaka kuta zake zichoke kwa uzee, watoto wako wazeeke ndani yake, na kaskazi ikivuma, isikuletee mlangoni kitu chochote zaidi ya vumbi la kufagia.